Mafiga ya Mahameli

Jumamosi ya kwanza ya Februari, mwaka wa 1985, Jedida aliingia katika karakana ya Lewa, fundi wa makochi nyuma ya soko la Kilifi, akavua kiatu kimoja na kuweka mguu juu ya kila stuli iliyokuwamo. Alianza na ile ya ngozi. Akaikandamiza kwa kisigino, akasikiliza inavyolia, akatikisa kichwa. Akaja kwa ile ya kitambaa cha maua, akaikalia kabisa, kisha akainuka na kungoja aone kama shimo aliloliacha litajaa lenyewe. Halikujaa. Lewa alimtazama huku misumari midogo imejipanga mdomoni mwake, akamwacha, maana mteja anayekagua ndiye anayenunua.

Stuli zenyewe zilikuwa za mtindo mpya, hazina miguu ya mbao, zimejazwa na kushonwa pande zote kama takia lililovimba. Waitaliano wa Malindi waliziita pufu, na Lewa, aliyewahi kuwashonea wawili watatu, aliziita hivyo hivyo. Kazi yake aliijua. Alitema misumari kwenye kiganja, akamweleza Jedida kwamba ngozi inawafaa watu wa Nairobi, lakini huku kwenye hewa ya chumvi hupasuka mwaka wa pili. Sufi ni laini, ila hulala. Ukiikalia mwezi mmoja unabaki na chapati. Usumba wa nazi, ukichambuliwa vizuri na kushindiliwa, hautamwaibisha mbele ya wageni mpaka apate wajukuu. Kimo kiwe vidole vinne chini ya kochi, ama sivyo mguu hufa ganzi. Na kama kuna watoto nyumbani, zisiwe na pembe.

"Watoto wako bara kwa nyanya yao," Jedida alisema. "Wanakuja Agosti."

"Basi za duara."

"Haya, za duara. Usumba. Na ile mahameli ya damu ya mzee. Nishonee tatu."

Lewa alirudisha misumari kopoani, mmoja mmoja.

"Mama, tatu mimi siuzi. Mbili nauza, nne nauza. Ukitaka moja peke yake pia nakushonea. Tatu, la."

"Kwa nini?"

"Kwetu sisi tatu ni mafiga. Vitu vitatu vya duara, vya kimo kimoja, ukishaviweka chini umeweka jiko. Na jiko likishawekwa, mwenyewe huja kupika."

Jedida alicheka. Alikuwa amekaa pwani miaka sita na alijiona amezijua hila zote za sokoni. Nyumbani kwake mlikuwa na makochi matatu: la watu watatu, la watu wawili, na la mtu mmoja ambalo lilikuwa la mumewe. Kila kochi na pufu yake. Hesabu hiyo haikuhitaji mizimu. Lewa akasema atampunguzia sana ile ya nne, na hapo ndipo Jedida alipoamini kabisa kwamba anachezewa. Fundi akashindwa, akapima kitambaa, lakini akamwomba jambo moja: asiziweke pamoja, kila moja ikae kona yake. Jedida akaahidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Jedida alisikia, akatii, na yaliyotokea yakatokea vilevile. Wahenga nao si kila siku wanapatia.

Nyumba yake ilikuwa mpya, ya mawe na mabati, kando ya barabara ya kwenda Malindi, karibu na Matsangoni. Mikorosho kumi na mmoja ilikatwa kuipatia nafasi, na visiki bado vilikuwa vikichipua uani. Laban, mumewe, alikuwa karani katika ofisi ya kugawa viwanja, na kiwanja hicho alikipata vile karani wa ofisi ya kugawa viwanja anavyopata kiwanja. Anayepakua hajinyimi.

Jedida hakuuliza. Kwa miaka sita walikuwa wamekaa katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda na jiko na ndoo ya maji vyote mahali pamoja, watoto wao wawili wakilelewa na mama mkwe huko bara kwa sababu hapakuwa na pa kuwalaza. Mara ya mwisho alipokwenda kuwaona, yule mdogo alimwita shangazi. Safari nzima ya kurudi Jedida alilia, na abiria aliyekaa kando yake alidhani amefiwa. Kwa hiyo siku alipokabidhiwa funguo za nyumba ya vyumba vitatu, alizipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akamshukuru Mungu. Visiki hakuvitazama.

Pufu zililetwa Jumatano na lori la mchanga. Jedida aliweka kila moja mbele ya kochi lake, akaifunika kitambaa alichofuma kwa mkono wake. Asubuhi ya Alhamisi alizikuta katikati ya sebule, juu ya zulia, zimetazamana, nafasi ya kuingiza kuni imeachwa kila upande. Alimlaumu Laban. Laban akamlaumu paka. Hawakuwa na paka. Akazirudisha mahali pake. Ijumaa zilikuwa katikati tena, na vitambaa vimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya redio. Jumamosi palikuwa na jivu. Jedida alilizoa kwa kipande cha gazeti, akalimwaga uani, na kilichomuuma zaidi ni zulia, maana zulia lilikuwa bado halijafika hata miezi miwili.

Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa hando la marinda kiunoni na leso ya kujifunga kifuani, miguu yake imeiva vumbi jekundu mpaka magotini. Kichwani alibeba chungu, kwapani mzigo wa kuni. Jedida alimwamkia. Mwanamke akaitikia marahaba, akasema yeye anaitwa Kanze, mke wa Masha, kwamba yeye mwenyewe alikufa mwaka jana huko Vitengeni, akazikwa kwa shemeji yake, na kwamba ametembea tangu alfajiri kwa hiyo angeomba maji kwanza.

"Karibu ndani," Jedida alisema, kwa sababu ndivyo anavyoambiwa mtu aliyesimama mlangoni.

"Nimekaribia, mwanangu. Nawe karibu."

Alikunywa maji, akaingia sebuleni moja kwa moja bila kuuliza ni wapi, akachuchumaa, akapanga kuni kati ya pufu tatu na kupuliza. Moto ukashika. Akateleka chungu. Mahameli haikuungua, ilipata joto tu, na usumba ndani yake ukawa unalialia kidogo chini ya uzito. Moshi ulipanda wima, ukatokea pale bati linapokutana na ukuta.

"Mama, hiyo ni mahameli," Jedida alisema kutoka mlango wa jikoni.

"Naiona. Laini. Mafiga yangu yalikuwa ya mawe, lakini yako msingini mwenu, chini ya pembe ile. Mafundi waliyaona mazuri, wakayatia. Nikawa sina pa kuteleka chungu." Kanze alikoroga maji, akaonja kama yamepata moto. "Hivi vitu nyinyi huwa mnavifanyia nini?"

"Tunawekea miguu."

Kanze aligeuka akamtazama vizuri. Katika mambo yote ya siku hiyo, yeye ndiye aliyeshangaa, na ni hapo tu.

"Miguu? Juu ya mafiga?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kila watu na yao."

Jedida alikwenda kuchukua kitambaa kimoja juu ya redio, akakiweka chini ya chungu upande uliomwelekea yeye, ili masizi yasiguse pufu. Kanze alimwachia. Alipika sima, ambayo yeye aliiita wari, na mboga ya mtsunga, ile yenye uchungu unaopozwa na tui la nazi. Wakala wote wawili, wameketi kwenye zulia. Kisha Kanze akaosha chungu, akafagia jivu, akaaga, akashika njia ya Vitengeni.

Alirudi Jumanne. Alirudi Jumatano na kila siku iliyofuata, isipokuwa Ijumaa, ambayo alisema huko aliko ana shughuli. Jedida alizoea. Aliacha kununua mkaa wa mchana. Aliviringisha zulia, akaliweka chini ya kitanda, na hapo mambo yakawa mepesi kwa pande zote mbili.

Huku chungu kikitokota, Kanze alikuwa akimwonyesha nyumba. Kitanda changu, alisema, kilikuwa pale kwenye redio. Mbuzi walilala hapo mlipoweka kabati la vyombo. Mlango ulitazama kule, si huku. Nyinyi mmeufungulia upepo wa kusi, mtaona mwezi wa sita. Alisimulia bila uchungu, mfano wa mtu anayemwelekeza mpangaji mpya bomba lilipo. Trekta la kuwabomolea lilikuja Jumanne, alisema. Walipewa mpaka saa saba. Masha aliomba angalau wavune korosho, akaambiwa korosho ni za mwenye kiwanja. Wakaenda Vitengeni kwa nduguye Masha, na huko Kanze akakaa miezi mitatu akipika kwenye mafiga ya mke wa shemeji. Mwanamke yule alikuwa mtu mzuri, hakumsema. Lakini mafiga ya mwenzio ni ya mwenzio. Kila ukitaka kuchemsha hata maji unaomba. Mwezi wa nne wa kukaa huko alichoka kuomba, akaacha kula, akafa.

"Hukuugua?" Jedida aliuliza.

"Homa ilikuwapo pia. Waliandika homa."

Tusifichane: Jedida alimpenda. Mama yake mwenyewe alikufa yeye akiwa darasa la sita, na tangu hapo hapakuwa na mwanamke mkubwa aliyemfundisha chochote bila kumgombeza. Kanze alimfundisha kukuna nazi bila kufikia ngozi yake nyeusi, na kuutambua muhogo mchungu kwa kuutazama shina. Alimwita mwanangu. Ijumaa zilikuwa ndefu.

Laban alimkuta Jumamosi ya wiki ile ile ya kwanza. Alirudi kutoka Kilifi saa saba na faili kwapani, akafungua mlango, akamwona Kanze amechuchumaa katikati ya sebule na mwiko mkononi. Walifahamiana. Siku ya trekta Laban ndiye aliyesimama kando na karatasi, akisoma majina.

"Hujambo, mama," Laban alisema.

"Sijambo, baba. Chakula kiko tayari."

Laban alikula ameinamisha kichwa, akaomba tena, akala. Alasiri, Kanze alipokwisha kuondoka, Jedida alimfuata chumbani.

"Uliandika nini kwenye ile fomu ya kiwanja?"

"Nilichoambiwa niandike."

"Ni nini?"

"Pori tupu." Alikuwa akifungua kamba za viatu. "Fomu ina nafasi ndogo, Jedida. Huwezi kuandika hadithi." Akavua soksi. "Mwambie siku nyingine apike na samaki."

Mwishoni mwa Machi habari zikaenea kwamba kamati itapita kusikiliza malalamiko ya viwanja, nyumba kwa nyumba. Karatasi ilibandikwa dukani. Ilisema mlalamikaji atasikilizwa iwapo katika kiwanja kutaonekana kimoja kati ya hivi vitatu: mti wa kupandwa, kaburi, au jiko, vya miaka kumi au zaidi. Kiwanja cha Laban kilikuwa zamu ya Alhamisi.

Jumanne ya wiki hiyo Masha alikuja. Alikuwa mzee mrefu, kofia yake ya kufuma ameishika mkononi. Walitoka Vitengeni pamoja na mkewe, lakini maiti hutembea haraka kuliko mtu mwenye magoti mabovu, kwa hiyo Kanze alifika saa nne na nusu kama kawaida na Masha akafika saa nane. Jedida alimkaribisha. Masha akaketi barazani.

"Ingia ndani, baba, kuna jua."

"Mimi siingii nyumbani kwangu kwa kukaribishwa," Masha alisema, kwa adabu kabisa. "Hapa panatosha."

Kanze alimtolea sahani yake nje. Walikaa wakizungumza kuhusu mbuzi aliyevunjika mguu na kama achinjwe au asubiriwe, mazungumzo ya watu waliooana miaka thelathini. Kanze akasema achinjwe. Masha akasema asubiriwe. Kisha mwanamke akarudi ndani kuosha vyombo, na Masha akamgeukia Jedida.

"Mikorosho wameikata. Visiki hawavihesabu, nimeshauliza. Makaburi ya wazee wangu yako ng'ambo ya barabara, na ng'ambo ya barabara ni kiwanja cha mtu mwingine. Lililobaki ni jiko, nalo liko sebuleni kwako. Mimi nikisema, watasema ni mlalamikaji. Wewe ndiwe mwenye nyumba. Wakikuuliza, sema unachokiona. Sikuombi zaidi ya hapo."

"Na wakikurudishia?"

"Nitakaa."

"Na sisi, baba?"

Masha alilifikiria swali hilo kwa haki, alionekana akilifikiria.

"Nyinyi mna kwenu," alisema. "Mimi kwetu ni hapa."

"Nitasema ninachokiona," Jedida alisema, na siku ile ya Jumanne alikuwa anasema kweli.

Laban hakupiga kelele. Jedida angependelea apige kelele. Jumatano, wakinywa chai ya asubuhi, alisema kwamba mwenye nyumba ana ruhusa ya kusema anachotaka. Kwamba kiwanja kikirudi, nyumba itabomolewa, maana iko juu ya kiwanja. Kwamba ofisini watataka kujua nani aliandika pori tupu, na wataona sahihi. Kwamba chumba chao cha zamani huko Kilifi kimepata mtu mwingine, hata hivyo kuna kingine karibu na machinjio, kidogo zaidi. Akamaliza chai.

"Ukisema jiko," alisema, "sahau watoto Agosti."

Kamati ilifika Alhamisi saa tano. Walikuwa watu wanne, na mwenyekiti wao alikuwa Bwana Joram, mkubwa wa Laban, mtu mnene mpole ambaye alimwuliza kila mtu habari za nyumbani na kusubiri jibu. Waliketi kwenye makochi. Masha alibaki barazani, karibu na dirisha, ili asikie. Laban alisimama uani akikata machipukizi ya visiki kwa panga, bila kutazama ndani. Na katikati ya sebule, juu ya pufu tatu za mahameli, chungu kilikuwa kikitokota na Kanze amechuchumaa kando yake.

Wanakamati walivuta miguu yao nyuma kwa sababu ya joto. Mmoja alifungua kifungo cha shati. Bwana Joram akasifu harufu ya tui.

"Mlalamikaji anasema kuna jiko," alisoma. "Jiko liko wapi?"

"Ndilo hilo mbele yako," Masha alisema kutoka dirishani. "Na huyo ni mke wangu. Amepika hapo tangu nilipomwoa. Mwulizeni."

Bwana Joram alimgeukia Kanze kwa heshima. "Mama, kitambulisho tafadhali."

"Nilikirudisha," Masha alisema, "nilipochukua cheti cha kifo." Akapitisha cheti dirishani. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Bwana Joram akakisoma mbele na nyuma, akampa aliye kulia kwake, naye akakisoma.

"Hiki kinasema mama huyu amefariki."

"Ndiyo. Amefariki."

"Basi hayupo," Bwana Joram alisema kwa masikitiko, na akaandika hivyo. Kanze alimpa bakuli la maji anawe mikono. Akanawa, akashukuru.

Walikula. Haikuwezekana kutokula, chakula kilikuwa mbele yao na ilikuwa saa sita kasorobo. Kanze alianza na mgeni mkubwa, akamalizia na kijana mwandishi, kisha akachukua sahani ya Masha, akaipitisha dirishani. Masha hakuipokea. Ikakaa kwenye kizingiti cha dirisha.

Alipomaliza, Bwana Joram alipangusa vidole na kumtazama Jedida, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni.

"Mama, wewe ndiwe mwenye nyumba. Hivi vitatu ni nini?"

"Ni pufu."

"Za kazi gani?"

"Za kuwekea miguu."

"Ulizipata wapi?"

"Nilishonewa Kilifi. Mwezi wa pili."

"Risiti unayo?"

Jedida alikuwa nayo. Alikuwa mwanamke wa kutunza vitu, na risiti ilikuwa ndani ya Biblia. Akaitoa, akampa. Bwana Joram alisoma tarehe kwa sauti, akaieleza kamati kwamba sheria inataka jiko la miaka kumi au zaidi, na kwamba mafiga yaliyonunuliwa mwezi wa pili hayawezi kufika miaka kumi kabla ya mwaka wa 1995. Mlalamikaji yuko huru kuleta malalamiko wakati huo.

"Lakini nisimkatishe tamaa mzee," alisema. Alikuwa kweli mtu mpole. "Pengine lilikuwapo jiko jingine, la awali, mahali hapa hapa. Mama, kwa kinywa chako: umewahi kuona dalili kwamba watu walikaa hapa kabla yenu? Jivu? Moto? Mtu?"

Panga la Laban lilinyamaza uani. Moto ulikuwa ukitatarika. Kanze alikuwa akikwangua ukoko chunguni, taratibu, wala hakuinua macho. Lau angeinua macho, huenda mambo yangekuwa mengine. Jedida alijiambia hivyo baadaye, mara nyingi, na si haki, maana aliyeulizwa hakuwa Kanze.

"Sijaona," Jedida alisema.

"Hata jivu?"

"Hata jivu."

Bwana Joram akaandika. Mwandishi akapuliza wino ukauka. Walimshukuru mama wa nyumba kwa chakula, yaani Jedida, wakatoka. Masha alikuwa amekwisha kuinuka. Alivaa kofia yake, akaitengeneza vizuri pande zote mbili, akashuka ngazi bila kuaga, na Jedida alimtazama kupitia dirishani, juu ya ile sahani isiyoguswa, mpaka mgongo wake ulipopotea nyuma ya duka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Jumamosi Jedida alikuwa na hakika kwamba Kanze hatakuja, na alipika chai yake mwenyewe kwenye jiko la mafuta, akaiacha ikapoa. Saa nne na nusu hodi ikapigwa.

"Mama, umekuja."

"Sasa nitapika wapi?" Kanze alisema. Alishusha chungu.

Jedida alikaa sakafuni karibu naye. Alikuwa hajalala siku mbili.

"Nilisema uongo."

"Nilikuwapo, nilisikia." Kanze alimsogezea ungo. "Chambua mboga."

Mwezi wa sita upepo wa kusi uliingia kwa mlango wa mbele kama alivyosema, ukajaza mchanga sebuleni. Mwezi huo huo Masha alifariki Vitengeni. Jedida alimtarajia afike na mkewe, akaandaa hata mahali. Hakuja. Kanze alisema wameshaonana, ila Masha ni mkaidi tangu ujana wake na huko waliko hakuna dawa ya ukaidi. Faili la kiwanja lilifungwa, na hati ikatoka kwa jina la Laban, imepigwa mihuri miwili.

Agosti watoto walikuja. Yule mkubwa alipenda barabara, akawa anahesabu malori. Yule mdogo, Idah, msichana wa miaka sita, alimwita Kanze nyanya siku ya kwanza, na akamwita Jedida mama siku ya nne. Jedida aliihifadhi siku hiyo ya nne moyoni. Usiku alikuwa akiamka tu kuwasikiliza wanavyopumua, kila mmoja kwenye kitanda chake, na akasema moyoni kwamba kama ni kulipa amelipa, ingawa alijua vizuri kwamba aliyelipa si yeye.

Jumapili moja, baada ya kanisa, wote walikuwa sebuleni. Laban alikuwa kwenye kochi lake la mtu mmoja, wengine chini kuzunguka moto. Kanze alikuwa akipakua. Idah alimtazama miguu, ule wekundu wa vumbi usiotoka hata akiiosha.

"Nyanya, wewe kwenu ni wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni kwetu."

"Ndiyo, mnakaa hapa," Kanze alisema.

Idah alimgeukia mama yake. Alikuwa katika umri ule ambao watu wawili wakisema maneno mawili, mmoja lazima awe mwongo, na mama ndiye ajuaye ni yupi.

"Mama, hapa ni kwa nani?"

Kaka yake aliacha kutafuna. Laban alikuwa akiangalia sahani yake. Kanze alikuwa ameshika mwiko juu ya chungu, akingoja kama mtoto anavyongoja, bila hasira wala haraka, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alikuwa amemkazia Jedida macho. Jedida alimsogezea Idah sahani.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Kanze akashusha macho. Akamwekea Jedida mboga, kijiko kikubwa, akaongeza cha pili, na sahani yake ikawa ndiyo iliyojaa kuliko zote. Jedida akala. Laban akaomba chumvi.